Jenereta ya petroli au sola? Hesabu masaa kwanza, bei uulize baadaye

Watu wengi wakitaka umeme wa dukani au saluni swali la kwanza ni "sola ya hivyo bei gani", na wakiambiwa milioni na kitu wanageuka hapo hapo wanaenda kununua jenereta ya laki mbili na nusu, wanarudi nyumbani wanajiona wajanja. Ujanja wenyewe unadumu mpaka kidumu cha kwanza cha petroli kiishe. Jenereta unainunua mara moja ila malipo yake huyamalizi, sola unalipa karibu yote siku ya kwanza halafu unakaa, kwa hiyo ukilinganisha bei za dukani peke yake umelinganisha vitu viwili ambavyo havilingani. Kinachoamua ni masaa: unawasha masaa mangapi kwa mwaka, na je unawasha mchana au usiku. Hapo kwenye mchana na usiku ndo pana hela nyingi kuliko watu wanavyodhani, nitafika.

Hesabu zangu zote ni za Bongo na petroli naiweka 3,000 kwa lita ili iwe rahisi kuzidisha, we weka ya kwako. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi (kwa jirani zetu Kenya ni EPRA, tarehe 14), na hiyo ni bei ya kituoni. Kijijini ambako petroli inauzwa kwenye chupa za maji pembeni ya barabara, bei ni ya mwenye chupa. Na kumbuka bei yenyewe haitulii, mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoipandisha serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi na bado petroli Dar ilivuka 3,000, Kenya nao Septemba 2023 wakavuka 200 za kwao kwa lita. Bei za vifaa vya sola ninazotumia humu ni za mfano tu, zitofautiane na za duka la kwenu haina shida, we chukua njia ya hesabu.

Duka au saluni isiyo na TANESCO

Chukua kibanda cha kinyozi ambacho pia kinachaji simu. Taa nne za LED, tivi ndogo ya wati 50, mashine mbili za kunyolea, simu kama ishirini kwa siku. Ukijumlisha vyote unapata kama yuniti moja ya umeme kwa siku, yaani kWh moja, ni umeme kidogo sana.

Sasa hiyo yuniti moja uipate kwa jenereta. Zile ndogo kabisa za kuvuta kamba, ukiiwasha masaa sita kwa mzigo mdogo kama huo inakula kama nusu lita kwa saa, kwa hiyo lita tatu, elfu tisa kwa siku. Elfu tisa kwa yuniti moja! TANESCO hiyo hiyo yuniti kwa tarifu ya kawaida ilikuwa 356 na kodi zake. Watu wanaona nasema uongo hapa ila sababu ipo wazi: lita moja ya petroli ina nishati kama ya yuniti 9, jenereta ndogo ikiwa imebeba mzigo wake vizuri inakutolea yuniti moja na nusu mpaka mbili, nyingine yote inaondoka kama joto, moshi na kelele. Na ukiipa mzigo mdogo ndo inakuwa mbaya zaidi maana injini lazima izunguke tu hata kama juu yake kuna taa mbili na tivi, inaweza kula mpaka nusu ya mafuta ambayo ingekula ikiwa imebeba mzigo kamili. Jenereta ya wati 800 inayowasha wati 150 ni basi zima la abiria watatu, nauli yote ya mafuta unalipa wewe.

Siku 26 za kazi kwa mwezi ni 234,000 ya petroli. Hapo sijaweka oili ya kuchanganya (zile za two-stroke) au ya kubadilisha (four-stroke, kila masaa 50 mpaka 100 hivi), plagi, kamba inayokatika, na karbureta ambayo fundi ataifungua kila ukinunua petroli yenye maji.

Sola ya kazi hiyo hiyo: paneli ya wati 400, kontrola (inayosimamia chaji ya betri), inveta ndogo (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO), betri ya lithiamu ya 12V 100Ah, waya, fyuzi na hela ya fundi. Tuseme 1,700,000. Gawa kwa 234,000 unapata miezi saba na siku kadhaa. Yaani kabla mwaka haujaisha petroli peke yake imeshafikia bei ya sola nzima, na mwaka wa pili mwenye sola anafuta vumbi kwenye paneli wakati mwenzie bado anatafuta bodaboda ya kwenda kituoni. Hata kama bei zangu nimekosea kwa nusu, bado ni mwaka na miezi michache. Kwa biashara ya kila siku isiyo na gridi sioni ubishi hapa, jenereta imeshapoteza.

Betri ndo inayokula hela, sio paneli

Hili watu wengi hawalioni kwa sababu paneli ndo iko juu ya bati inaonekana. Bei ya umeme wa sola duniani, kwa mitambo mikubwa, imeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010 kwa mujibu wa IRENA, na paneli nazo zimeshuka sana mpaka sio tena kitu cha kukutisha kwenye mfumo wako. Piga hesabu: paneli ya wati 400 ya laki mbili na nusu, kwa jua letu la masaa manne na nusu ya nguvu kwa siku ukitoa na upotevu, inatoa kama yuniti 1.3 kwa siku. Kwa miaka 20 ni yuniti zaidi ya 9,000. Kila yuniti inakuangukia kama shilingi 25 hadi 30. Huo ni umeme rahisi kuliko wa TANESCO mara kumi na zaidi, lakini ni wa mchana, jua likiwa juu, ukiutumia pale pale.

Ukitaka kuutunza mpaka usiku unalipia betri. Hapa ndo pana mtego. Betri ya asidi ya 100Ah tuseme 350,000, ukiitunza vizuri unatumia nusu tu ya ujazo wake, kama yuniti 0.6 kila siku, na inavumilia mizunguko (kujaza na kutumia) kama 500 hivi. Jumla yuniti 300 maisha yake yote, na 350,000 ukigawa kwa 300 ni karibu 1,200 kwa kila yuniti uliyoihifadhi. Betri ya lithiamu (ile ya LiFePO4) ya ukubwa huo tuseme 800,000, unatumia asilimia 80, kama yuniti moja kila mara, mizunguko 2,500 na kuendelea, kwa hiyo yuniti zaidi ya 2,500. Hiyo ni kama 320 kwa yuniti. Betri iliyokuwa rahisi dukani ndo ghali mara tatu na zaidi ukishaanza kuitumia, na ile betri ya gari iliyotumika ambayo jamaa anakuuzia laki moja sitaki hata kuipigia hesabu, imetengenezwa kupiga stata sekunde tatu basi, ukiikausha kila usiku haimalizi masika.

Kwa hiyo kabla hujanunua betri kubwa angalia kazi gani unaweza kuihamishia mchana. Simu zichajiwe mchana. Kunyoa ni mchana. Mwenye friza ya samaki au soda, agandishe mchana kwa nguvu, ajaze chupa za maji zigande humo ndani zikae na baridi mpaka asubuhi, barafu inahifadhi nishati bila kudai laki nane. Ila chukua friza ya DC, yaani ile iliyotengenezewa sola inayokula umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, hizi za kawaida za nyumbani zinakula mara mbili au tatu ya hiyo na zikiwaka zinashtua inveta ndogo mpaka inazima.

Pampu ya bustani, hapa mambo yanabana kidogo

Kwenye pampu ungetegemea sola ishinde kirahisi zaidi kwa sababu haihitaji betri kabisa, maji unayapandisha mchana yanakaa kwenye tanki. Mara nyingi inashinda kweli, ila sio kwa kila mtu, na mimi nawaambia watu ukweli hapa maana nimeona wengi wanashawishiwa.

Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Nyanya au vitunguu kwenye jua kali vinataka kama milimita 5 za maji kwa siku, hiyo ni lita 20,000, weka 25,000 ukijumlisha yanayopotea. Kama maji unayainua mita 10, paneli za wati 600 mpaka 750 na pampu nzuri zinakufikisha hapo siku ya jua la kawaida.

Pampu ya petroli ya inchi mbili au tatu, injini ya 5.5 mpaka 6.5 hp, inakula kama lita moja na robo kwa saa. Tuseme unamwagilia mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, wiki 12. Masaa 144, lita 180, karibu 540,000 kwa msimu. Ukilima misimu miwili ni milioni na elfu themanini kwa mwaka. Pampu yenyewe tuseme laki nne. Ya sola pamoja na paneli na stendi tuseme milioni mbili na nusu, na bado tanki.

Sasa ona, mwenye misimu miwili ile tofauti ya milioni mbili na laki moja anairudisha kwa kama miaka miwili. Mwenye msimu mmoja tu kwa mwaka, karibu miaka minne. Na aliyekodi shamba kwa msimu, mwakani hajui kama mwenye shamba atampa tena, huyo, muuza sola akimfuata, amwambie asante halafu aendelee na petroli yake. Shamba la kukodi, kilomita tatu kutoka nyumbani, hakuna mlinzi, paneli nne kwenye stendi ya chuma... usiku wa pili hazipo. Pampu ya petroli unaifunga kwenye boda unarudi nayo. Gharama ya mlinzi hakuna muuza sola anayeiandika kwenye vipeperushi vyake lakini ipo.

Kingine ni kasi ya maji. Pampu ya petroli ya inchi tatu inamwaga mamia ya lita kwa dakika, unafungulia mfereji maji yanakimbia mpaka mwisho wa tuta. Ya sola inatoa kidogo kidogo kutwa nzima. Kwenye udongo wa kichanga ukiachia maji ya pole pole kwenye mfereji yananyweka yote hapo mwanzoni, tuta la kwanza linakuwa tope na la mwisho limekauka, halafu mtu anasema pampu mbovu. Pampu haina tatizo, inataka tanki juu au bwawa la kutandika karatasi ya nailoni ujaze kutwa halafu uachie kwa mkupuo, au mipira ya matone. Hiyo gharama iweke kwenye hesabu toka mwanzo, usiigundue baadaye.

Upande wa pili, petroli nayo ina ukuta wake ambao hela haivunji. Pampu iliyokaa juu ya ardhi inavuta maji kwa kutegemea mgandamizo wa hewa, na kwa vitendo ukifika mita 7 hivi kwenda chini haivuti tena hata uweke injini ya lori. Huko juu kama Iringa, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa hiyo unapata mita 5 au 6, na injini yenyewe inapoteza nguvu kama asilimia 15. Watu wanaingiza pampu shimoni kusogelea maji, tafadhali msifanye hivyo, moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu na shimoni haina pa kutokea, imeua watu. Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzama, ya umeme, na kama gridi haipo hapo sola inashinda bila hata kuuliza bei ya petroli.

Na lile la mawingu ambalo kila mtu anauliza: siku ya mawingu mazito paneli inashuka sana kweli, lakini siku hiyo hiyo nyanya nazo hazinywi maji mengi, na mvua ikinyesha humwagilii kabisa. Kwenye pampu jua na mahitaji vinatembea pamoja. Kwenye taa za saluni havitembei pamoja, ndo maana kule betri inatesa.

Kama TANESCO ipo kwenye nguzo

Usihame. Nasema hivi nikiwa mtu wa sola. Kwa 356 kwa yuniti, au 122 kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo ya mpaka yuniti 75 kwa mwezi, betri yako peke yake inakaribia ile bei ya kwanza na hii ya pili inaipita kabisa, kabla hujaongeza kitu kingine. Na ikumbukwe sehemu ya umeme wa gridi ni mafuta ya kisukuku pia, gesi ya Songosongo inazalisha umeme tangu 2004, na maji ya Rufiji yenye mtambo wa megawati 2,115 yameingia juu yake. Kwa hiyo mtu anayesema sola imeipiga chini kila kitu anachanganya, imeipiga chini petroli ya kwenye kidumu, gesi ya kwenye bomba ni habari nyingine.

Tatizo la gridi ni kukatika, na hapa rudi kwenye masaa. Umeme ukikatika masaa kumi kwa mwezi, jenereta inakula lita tano au sita, elfu kumi na nane, nani atakaa anunue sola ya milioni moja na laki saba kwa ajili ya hiyo? Chukua jenereta ya mtu anayehama, au bora zaidi inveta na betri moja bila paneli, ichajiwe na TANESCO yenyewe, haina kelele na mteja kwenye kiti cha kunyolea hajui hata kama umeme umekatika. Ukikatika kila siku masaa manne ndo uanze kufikiria paneli.

Wenye mashine ya kusaga na mafundi wa kuchomelea, sola kwa sasa sio yenu kama mnategemea mtaji wa kawaida. Mota ya hp 20 ni kama wati 15,000, na ikiwaka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, paneli na inveta za kubeba hiyo ni hela ya kununua gari. Zipo mashine za sola za kusaga ila ni ndogo na zinakwenda taratibu, foleni ya akina mama wenye madebe haitawasubiri. Dizeli au gridi.

Ukiamua sola, nenda dukani na futi kamba

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli usiziamini, pima. Paneli nzuri za sasa zinatoa kama wati 200 mpaka 220 kwa kila mita ya mraba. Pima urefu mara upana: ya sentimita 100 kwa 67 ni mita za mraba 0.67, hiyo ni wati 140 hivi, hata kama stika inasema 300. Muuzaji ataanza kukuelezea teknolojia mpya, mwache aongee. Betri nazo zina siri yao kwenye uzito, ya asidi ya 100Ah halisi ni kilo karibu 28 mpaka 30, ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama mfuko wa sukari ujue ndani hamna madini ya risasi ya kutosha. Ya lithiamu ya ukubwa huo ni kilo 10 mpaka 12 hivi.

Wanaochukua sola ya lipa kidogo kidogo, zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba kabla hujaweka saini, uone jumla. Inaweza kuwa mara moja na nusu au mara mbili ya bei ya keshi. Bado kwa anayechoma elfu tisa kwa siku inaweza kumlipa, malipo ya elfu tatu kwa siku ni nafuu kwake toka siku ya kwanza, ila kwa mwenye taa tatu tu nyumbani ni bora ajichange akanunue keshi.

Na kama jenereta tayari unayo usiiuze. Ibakie kwa zile wiki za masika jua halitoki siku nne mfululizo, lakini usiwashie taa moja kwa moja kama zamani. Tafuta chaja ya betri yenye nguvu inayoendana na betri yako, tuseme ya ampea 30 hadi 40, washa jenereta masaa mawili ikiwa imebeba mzigo wa kueleweka, jaza betri, zima. Lita moja au moja na nusu badala ya tatu, na usiku mzima taa zinawaka bila kelele.